Sketi ya Saba

Haya, kwa kuwa picha yangu ya ufukweni imeshafika mpaka kwa shangazi yangu Muheza, acheni niseme mwenyewe. Kwanza, sikuwa nimelewa. Pili, na anayebisha aje, ile bukta niliyovaa ilikuwa yake yeye huyohuyo swahiba wangu wa safari aliyewarushia picha. Kiuno chake mnakijua.

Tulikuwa Nazaré, Ureno. Chini ni ufukwe na mji, juu ya jabali ni mtaa wa Sítio tulikopanga chumba, na kati yake kuna kigari cha reli kinachopanda na kushuka tangu 1889. Kikumbukeni hicho kigari.

Asubuhi tulikwenda kwenye ngome yenye mnara wa taa, panapotazamiwa yale mawimbi. Chini ya bahari pale kuna korongo la zaidi ya kilomita 200, ndilo linaloyafanya maji yainuke kama milima. Mwaka 2020 Mjerumani Sebastian Steudtner aliteleza kwa ubao juu ya wimbi la mita 26.21! Lakini hayo ni mambo ya miezi ya baridi. Sisi tulikwenda Julai, kwao ni joto, bahari imetulia tuli. Nikamwambia swahiba: "Ndiyo hii inayowatisha watu? Mimi mtoto wa Tanga bwana, nimekulia Raskazone."

Kuna na kikanisa kidogo ukingoni mwa jabali. Wanasimulia kwamba mwaka 1182 bwana mkubwa mmoja, Dom Fuas Roupinho, alikuwa juu ya farasi akimfukuza paa kwenye ukungu, akashtukia yuko kwenye genge. Akamwita Bikira Maria, farasi akakita kwato papo hapo. Nikacheka. (Najua, najua.)

Tukashuka ufukweni. Akina mama wameanika samaki waliopasuliwa juu ya vichanja vya wavu, harufu ya ng'onda tupu, nikajiona niko kwetu. Nikaingia majini, nikaipa bahari mgongo nipigwe picha. Jamaa akaanza kuhesabu. Moja. Mbili.

Wimbi lenyewe lilikuwa la magotini. Narudia: magotini. Lakini ufukwe ule una mteremko, na maji yakirudi yanaondoka na mchanga unaoukanyaga. Nikahisi visigino vinazama, nikakaa bila kukaribishwa, wimbi la pili likanibingirisha kama nazi. Na humo ndani, macho nimefumba, chumvi puani, nikaisikia bukta inaaga. Ikapita kiunoni. Ikapita magotini. Ikafika kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, ikanasa kidogo, nikasema alhamdulillahi, ikaenda zake.

Nikaibuka. Ufukwe umejaa familia, watoto na ndoo zao. Nikakaa chini maji yanifike kifuani, lakini maji hayatulii: yakija yananifunika, yakirudi yananifunua, kama muuza duka anayemwonyesha mteja kitambaa. Swahiba amepiga magoti kwa kicheko, simu bado iko juu!

Ndipo akaja bibi mmoja kutoka kwenye vichanja, anafoka Kireno, mikono inanuka samaki. Akasimama mbele yangu kama pazia, akafungua kitu kiunoni, akanirushia. Sketi. Ya miraba, yenye mikunjo. Nilikuwa nimesoma kwamba wanawake wa pale kwa desturi huvaa sketi saba, maana zamani wakiwasubiri waume zao wavuvi walijifunika nazo baridi. Nikadhani ni hadithi za watalii. Si hadithi.

Mengine mafupi. Kigari kilijaa. Nilisimama. Mtoto aliuliza kitu, mama yake akamziba mdomo.

Kesho yake nikairudisha sketi, imefuliwa na kukunjwa, nikanunua na samaki wakavu wengi kuliko haja. Bibi akaipokea, akawainulia wenzake vidole sita, akanitazama, akaongeza cha saba. Vichanja vyote vikaangua kicheko.

Bukta sijalipa, na silipi.