Mbona somo lenyewe limerukwa?

Mwandishi, makala yako yaisifu Arrival ya 2016 eti ndiyo filamu ya lugha. Mimi niliitazama hapa Kisauni, na wallahi ilinikata maini. Mwanzo hauna neno: vyombo 12 vya viumbe kutoka anga za mbali vinaelea juu ya nchi mbalimbali, Louise Banks, mtaalamu wa lugha, kasimama na ubao wake mbele ya kioo chenye ukungu, kando kuna ndege tunduni wa kupimia hewa. Nikakaa kitako. Kumbe! Kazi ya kujifunza lugha ikapitishwa mbio mbio, mwenzake akitusimulia, mara mama huyo yuasoma yale maandishi ya mviringo ya viumbe hao. Vijana wetu wa ufuo wa Bamburi wanaobwaga Kijerumani na watalii walikipata kwa kukosea, kuchekwa na kuvutana bei juani. Vurumai hiyo ndiyo niliyoingojea! Badala yake nikapewa mtu anayeona ya kesho, na vita dhidi ya viumbe hao vikazimwa kwa simu moja kwa jenerali wa China. Amy Adams, aliyekuwa Louise, aliigiza vizuri (hilo silipingi), lakini shemeji aliyenisifia filamu hii asinipendekezee nyingine karibuni.