Mteja Wangu wa Kwanza

Najua yule jamaa niliyeenda naye kuonyesha apu yangu kashaiposti stori ya siku ile, na kwenye toleo lake eti nililia. Sikulia. Jasho lilipita karibu na jicho, basi.

Si mnaikumbuka ile apu yangu ya kuhesabia muda wa wazungumzaji? Nimesimama mbele ya madevelopa wenzangu, projekta inawaka, nawaambia mambo ya brauza ni ya waoga, weka Play Store watu walipie, cha bure hakina heshima. Nikawatajia na hesabu, dola 25 za kufungulia akaunti nimelipa mara moja tu sio kama Apple wanaotaka 99 kila mwaka, na ile asilimia 15 Google wanayotukata sisi wadogo kwenye mauzo wacha wale, itabaki nyingi. Kiherehere kikanipanda, nikafungua ukurasa wa oda ili waone mauzo laivu. Oda ilikuwa moja. Najua hamjauliza.

Nikabonyeza rifreshi.

Kale kaduara kakaanza kuzunguka. Kakazunguka weee. Ukumbi kimya, mzee mmoja wa mbele kakunja nne anasubiri. Ukurasa ukaanza kufunguka, kwanza jina la apu, halafu bei, halafu pale palipokuwa pameandikwa kwamba imelipwa pakatokea kwamba hela imerudishwa, herufi kubwa ukuta mzima. Nikageuka. Jamaa yangu, mtu tuliyekuja naye, kainamia simu, kidole gumba bado kiko kwenye kioo.

"Samahani kaka, masaa 48 yalikuwa yanakaribia kuisha."

(Ndani ya hayo masaa Google Play unaomba hela yako irudi, msijifanye hamjui.) Hapohapo na apu yenyewe, iliyokuwa inanihesabia muda, ikalia tiiiiii. Haijawahi kufanya kazi vizuri vile.

Mengine mafupi. Kuna dogo wa nyuma alikuwa keshatengeneza ya kwake ya kwenye brauza kabla sijachomoa waya, katupa linki kwenye grupu, wote wakafungua, na mimi nikafungua, iko poa. Nikataka kuifanya yangu bure, wakanidaka, ukishaiweka bure pale hairudi tena kuwa ya kulipia, labda upandishe apu nyingine upya. Basi nimehamia wavuti, nimeweka na kitufe cha kuchangia.

Jamaa anasema kwenye simu yake hakionekani.