Magazijuto Imenivusha Bahari, Imenizamisha Ubaoni

Jamani, kuna kompyuta imenidharau mchana kweupe, na mimi nikawa naichekea.

Ilikuwa hivi. Baada ya miaka 17 ya kubeba boksi hapa Maryland, mgongo umeanza kulia kama mlango wa banda la kuku, nikasema basi, nakwenda chuo cha jamii nikasomee unesi. Wakaniambia sawa mzee, ila kwanza upimwe hesabu. Mtihani unaitwa ACCUPLACER: maswali 20, kwenye kompyuta, hakuna wa kukuhimiza muda.

Swali la kwanza lilikuwa na x, y na mabano yamekumbatiana. Nikabonyeza kwa imani. La pili likaja jepesi kidogo. La tatu jepesi zaidi. Nilipofika katikati naulizwa mambo ya nusu na robo, nikajisemea kumbe ubongo haujaoza, ulikuwa umelala tu! Nikatoka kifua mbele. Yule dada wa mapokezi ndiye aliyenipasulia: mashine ile ukipatia inakuongezea ugumu, ukikosea inakushushia. Kumbe muda wote nilikuwa nateremka ngazi huku napunga mkono kama mgombea.

Wakanipeleka kwenye aljebra ya kurekebishia, darasa la sisi tulioteremka ngazi. Na hapa ndipo roho inaponiuma. Ada unalipa kamili, jioni mbili kwa wiki unazitoa, mtihani unafanya, halafu krediti zake hazihesabiwi kwenye shahada. Ni kile kiingilio cha stendi ya mabasi: umelipa, umeingia, umesukumwa na wapiga debe, na safari bado.

Siku ya kwanza mwalimu alipoingia nikasimama. Mazoea hayo, sisi tuliosoma kwa fimbo mwalimu akiingia miguu inanyanyuka yenyewe. Darasa zima likanigeukia. Mwalimu, kijana wa watu ambaye kwa umri angekuwa mpwa wangu wa mwisho, akaniuliza kwa upole kama natafuta choo. Nikasema ndiyo. Ikabidi niende.

Sasa jumatano ile akaandika ubaoni: 24 ÷ 4 × 3. Vijana wa hapa wana kifupisho chao cha kukumbuka kipi kinaanza kwenye hesabu, kinaitwa PEMDAS, ndani yake kuzidisha kunatajwa kabla ya kugawanya. Wakarukia 4 mara 3 ikawa 12, wakagawanya 24 kwa 12, wakapata 2. Mimi nikatulia. Shule ya msingi tulichapwa tukiimba MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nikagawanya, nikazidisha, nikanyoosha mkono: 18! Mwalimu akasema ndiyo. Wallahi nilijiona nimevaa joho. Nikawageukia wale watoto na kuwaeleza, bila kuombwa, kwamba Tanzania tulikuwa hatuingii na kikokotoo kwenye chumba cha mtihani.

Mwalimu akafafanua kwamba kugawanya na kuzidisha ni ndugu wa cheo kimoja, unaanza na aliye kushoto. Mimi sikumsikiliza, nilikuwa bado nasherehekea. Akaandika 10 − 4 + 3. Nikawahi! MAGAZIJUTO inasema jumlisha kabla ya kutoa, kwa hiyo 4 na 3 ni 7, toa kwenye 10, jibu 3! Darasa likawa kimya. Bibi mmoja wa miaka sitini na kitu, ambaye huwa anafuma soksi wakati wa somo, akasema 9 bila kuinua macho. Kushoto kwenda kulia. Ile ile niliyokataa kuisikiliza.

Nikaona nisome asili ya huyu mdudu. Kumbe neno aljebra limetoka kwenye kitabu cha Al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad karne ya 9. Al-jabr ni kuunga, kama mfupa uliovunjika unavyorudishwa mahali pake. Jabari nalo limetoka mzizi huo huo. Sawa, mimi mfupa nimeuleta, tena umevunjika sehemu nyingi.

Lakini kinachonimaliza hasa ni kazi za nyumbani. Zinafanywa kwenye programu ya intaneti, na namba ya kuingilia unainunua. Juzi saa sita usiku, nimetoka zamu, miguu imevimba, nikapambana na mlinganyo mmoja mpaka x akajitokeza: 6/4. Nikaandika. Nyekundu! Nikahesabu upya, kurasa mbili za daftari, nikapata 6/4 ile ile. Nikaandika 1.5. Nyekundu! Limebaki jaribio moja. Binti yangu yuko darasa la nane na hii hii aljebra anaisoma bure, akapita anakwenda kunywa maji, akachungulia begani.

"Baba, inataka 3/2."

"Si ni kitu kimoja?"

"Ni kimoja, ila hujarahisisha. Na imesema uandike kwa sehemu."

Ikawa kijani. Mimi niliuza mitumba Kariakoo miaka sita. Mteja akikupa mia tano mbili badala ya buku, unamwambia akarahisishe?

Huko nyumbani nako mama ameshatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe anasomea udaktari. Mdogo wangu akapiga jana, nami niko mezani na daftari.

"Kaka, shikamoo. Mmefika wapi na udaktari?"

"Marahaba. Tuko kwenye hasi tatu jumlisha tano."

Akanyamaza kidogo. Nadhani alidhani ni ugonjwa.

"Pole sana, kaka. Sasa, paa la mama linavuja. Tuma chochote."

"Chochote ni ngapi?"

"Chochote tu, kaka. Utakachojaliwa."

"Nitajie kiasi."

"Aa, siwezi kukupangia. Wewe mwenyewe tu. Ila kisipungue laki tatu."

Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaandika: x ≥ 300,000. Binti akainama, akakagua ile alama kwa muda, akatikisa kichwa kukubali.

"Hiyo umepatia, baba."