Nipeni Rimbaud wa Harar

Kila anayemzungumzia Arthur Rimbaud, mshairi Mfaransa wa karne ya 19, hafiki mbali kabla ya kuuliza swali lile lile: iweje kijana aliyeandika vile aache ushairi akiwa na miaka 20 hivi? Swali hilo limeandikiwa vitabu vya kujaza maktaba. Wapo waliosema ni toba, wapo waliosema ni uasi wa mwisho wa mtu muasi. Mimi limenichosha. Limeigeuza miaka yake ya biashara Aden, Yemen, na Harar, mashariki mwa Ethiopia, kuwa kimya kirefu, na mji mzima wa watu, soko na misikiti ukawa pazia jeusi nyuma ya Mfaransa mmoja aliyeamua kutoandika.

Mashairi yenyewe siyabezi. Alizaliwa Charleville, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, tarehe 20 Oktoba 1854. Baba alikuwa kapteni wa jeshi aliyetumika Algeria, kisha akaitelekeza familia. Mama alikuwa mcha Mungu, mkali, mwenye hesabu kali za shamba. Kabla hajatimiza miaka 17 Rimbaud alikuwa ametunga Le Bateau ivre (Mashua Iliyolewa), beti 25 ambamo mashua inajisimulia yenyewe ikiteremka mto, wavutaji wake wameuawa, hadi inaingia baharini na kulewa maji. Wakati huo mtunzi hakuwa amewahi kuiona bahari. Mtu wa pwani akisikia hivyo ataguna, na ana haki ya kuguna, lakini aisome kwanza.

Yaliyofuata yanajulikana kupita kiasi: Paris, mpenzi na mshairi mwenzake Paul Verlaine, pombe, London, na ile risasi ya Brussels ya Julai 1873 iliyompata Rimbaud kwenye kifundo cha mkono na kumpeleka Verlaine gerezani. Mwaka huo huo Rimbaud akachapisha Une saison en enfer (Msimu Motoni) kwa gharama yake, au tuseme kwa deni lake, maana mchapaji hakulipwa yote na nakala nyingi zikalala ghalani mwake hadi mwaka 1901.

Ndani ya kitabu hicho mna ukurasa unaopendwa sana na wanaotafuta unabii. Anasema siku yake imekwisha, anaondoka Ulaya. Hewa ya bahari itamchoma mapafu. Atarudi na viungo vya chuma na ngozi iliyoiva kwa jua. Atakuwa na dhahabu. Mimi sioni utabiri hapo. Naona ndoto ambayo vijana wengi wa Ulaya ya wakati ule waliinywa pamoja na maziwa: nenda nchi za joto, chuma mali, urudi watu wakutazame. Baba yake mwenyewe alikuwa ameishi sehemu ya ndoto hiyo. Tofauti ni kwamba Rimbaud aliiandika vizuri kuliko wenzake, kisha akaenda kuilipia.

Alizunguka kwanza. Alijiandikisha katika jeshi la wakoloni wa Kiholanzi, akapelekwa Java, akatoroka. Akasimamia wapasua mawe Saiprasi. Agosti 1880 akatua Aden, akaajiriwa na kampuni ya kahawa ya akina Bardey, na bado alikuwa na macho kwingine. Aliandikia nyumbani kwamba akipata faranga mia kadhaa atahamia Zanzibar, kwa kuwa amesikia huko kuna kazi. Miaka saba baadaye, akiwa Kairo, akarudia: labda nitaenda Zanzibar, kutoka pale mtu anaweza kusafiri mbali ndani ya Afrika. Ilikuwa Unguja ya Sayyid Barghash, na jina lake lilifika Aden kama jina la mahali penye pesa hufika popote. Hakuja. Sidhani kama tulikosa kitu, ila nafurahi kumkuta akiivumisha Unguja kama kijana yeyote anayesikia kwamba mji fulani mambo ni mazuri.

Mwisho wa 1880 akapanda Harar. Hapo ndipo nataka watu wapunguze mwendo. Harar ulikuwa mji wa Kiislamu wenye ukuta wa karne ya 16, misikiti kwa makumi, na lugha yake iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Majeshi ya Misri yalikuwa yameutwaa tangu 1875. Kahawa iliuzwa kwa frasila, fedha iliyoaminiwa ilikuwa reale ya Maria Theresa, na bidhaa zilikuwa pembe za ndovu, ngozi, zabadi na vitambaa vya pamba. Mfanyabiashara wa Unguja angeshuka pale akajua pa kuanzia. Rimbaud alijifunza Kiarabu, Kioromo, Kiamhari na lugha ya mji wenyewe. Mtu anayesema na watu kwa lugha nne tangu asubuhi mpaka jioni simwiti mtu aliyenyamaza.

Halafu kwa nini kufanya kazi kuwe msiba wa ushairi? Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha miaka mingi na hatumlilii.

Lakini nikisema nipeni Rimbaud wa Harar, nampokea mzima. Mwaka 1885 aliingia ubia na mfanyabiashara Mfaransa Pierre Labatut kumpelekea bunduki Menelik, mfalme wa Shewa, katikati mwa Ethiopia: bunduki za fataki zaidi ya 2,000, za mtindo ambao majeshi ya Ulaya yalikwisha kuuacha. Labatut akafa kabla ya safari. Rimbaud akaondoka na msafara Oktoba 1886, akavuka jangwa la Waafar, akafika kwa Menelik mwanzoni mwa 1887, na huko akapigwa bei mpaka akatoka jasho; juu yake wakamiminika wenye kumdai marehemu. Katika purukushani hiyo alichoma madaftari ya Labatut, zaidi ya 30, kisha akajua ndani yake mlikuwa na karatasi za mali. Nimeusoma mkasa huo mara nyingi na kila mara nasimama hapo, kwa aliyekuwa mshairi kutia moto maandishi ya mwenzake.

Baya zaidi ni barua ya Desemba 1889 kwa Alfred Ilg, mhandisi Mswisi aliyekuwa karibu na Menelik. Rimbaud anamwomba amtafutie nyumbu mzuri sana na watumwa wavulana wawili. Ilg alikataa. Wanaomtetea Rimbaud husema hakuna ushahidi kwamba alifanya biashara ya watumwa, na hilo ni kweli. Haliniridhishi. Watoto wawili wameagizwa katika sentensi moja na mnyama wa kupanda, na aliyeagiza hakuona haja ya kujieleza. Sisi ambao pwani yetu ina masoko yake ya kukumbuka hatuhitaji kufafanuliwa maana ya agizo la namna hiyo.

Mwaka 1891 goti la kulia likavimba. Wapagazi 16 walimteremsha kwa machela hadi Zeila, bandari ya pwani ya Somalia, mvua ikimnyeshea njiani. Marseille wakaukata mguu mwezi Mei, na tarehe 10 Novemba akafa akiwa na miaka 37. Alikuwa ameagiza faranga 3,000 zipelekwe kwa Djami, kijana wa Harar aliyemtumikia miaka yote hiyo. Zilipofika, Djami naye alikuwa amekwisha kufa. Kuhusu Djami hatuna barua hata moja ya mkono wake, na vitabu vyote vile juu ya kimya cha Rimbaud havikusumbuka sana na kimya hicho.

Siku moja kabla ya kufa, Rimbaud alimwandikisha dada yake Isabelle barua kwa mkurugenzi wa kampuni ya meli. Inaanza na hesabu: fungu moja, jino moja, fungu moja, mawili, fungu moja, matatu. Meno ya ndovu hayo. Kisha anauliza apelekwe melini saa ngapi. Wapo wanaoisoma kama shairi lake la mwisho. Mimi namsikia mtu wa biashara aliyeshikwa na homa akihesabu shehena.

Kwa hiyo kama kuna mfasiri anayetaka kumleta Rimbaud kwa Kiswahili, ningemshauri aanze na barua za Aden na Harar. Zina malalamiko, bei, madeni na uongo mdogo kwa mama. Mkanda wa dhahabu uliomwelemea kiunoni kule Kairo, kilo nane hivi, na ambao yeye aliulaumu kwa kumharisha, nao umo.