Tukijitoa Jumuiya, mahindi ya Sumbawanga yatalipa 50% na ya Zambia yatapita bure

Kila sisi Watanzania tukikorofishana na Kenya hoja ni ile ile, tujitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) tubaki na SADC yetu, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Julai 2025 ilirudi tena, pale serikali yetu ilipotoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara 15, kuna uwakala wa pesa za simu, kutengeneza simu, saluni, kununua mazao shambani na kadhalika. Wakenya wakaja juu, wakasema tumevunja soko la pamoja tulilolianza wenyewe 2010, na huku kwetu watu wakajibu kama imewauma basi tuondoke kila mtu ale kwake. Wanaosema hivyo sio wajinga, na mimi mwenyewe kuna kipindi niliwahi kusema hivyo hivyo tena kwa sauti.

Maana mambo ya kuonesha wanayo. Jumuiya ya kwanza, ile ya 1967, ilikufa 1977, mali zikaja kugawanwa kwa mkataba wa 1984, na wazee waliokuwa wafanyakazi wake tumewaona Dar miaka na miaka wakidai mafao yao. Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda walikuwa wanakutana wenyewe wanapanga reli na viza ya utalii ya pamoja, sisi na Burundi tunasoma kwenye magazeti. Halafu Machi 2021 Kenya wakapiga stopu mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, barua moja tu, malori yakajipanga mpakani na mahindi ndani. Ukiniuliza ni umoja gani wa forodha unaofungwa kwa barua moja sina jibu la haraka. Na kuna hili la kila mwaka wakati wa bajeti, kila nchi inaomba isiufuate ushuru wa pamoja kwenye bidhaa fulani fulani, mpaka unajiuliza hiyo "pamoja" imebaki wapi. Sasa hivi tuko nane, Congo kaingia 2022, Somalia 2024, na michango kuna wenzetu hawaleti kwa wakati. Yote hayo ni kweli.

Kinachonisumbua ni kwamba wanaotaka tutoke huwa hawafiki kwenye hesabu, wanaishia kwenye hasira. Hesabu yenyewe sio ngumu.

Umoja wa forodha ulianza Januari 2005 na maana yake ni vitu viwili tu. Kati yetu sisi wenyewe, bidhaa yenye asili ya hapa hailipi ushuru wa forodha. Kwa anayetoka nje, ukuta mmoja, viwango ni 0, 10, 25 na tangu Julai 2022 kuna cha 35, halafu juu ya hapo kuna bidhaa nyeti zilizowekewa ukuta mrefu zaidi, mahindi 50%, maziwa 60%, mchele 75%. Ukuta huo leo tuko ndani yake na unatulinda. Siku tukitoka haubomoki, unabaki pale pale, ila sisi tunakuwa tumesimama upande wa pili pamoja na Pakistan. Tena Pakistan ana afadhali, maana Kenya wameombea mchele wake utozwe 35% badala ya 75%, kwa hiyo sisi jirani tungeanza safari kwa kuomba tupewe masharti aliyopewa mtu wa Karachi.

Watu wanasema SADC itatubeba. SADC Kenya hayupo, Uganda hayupo, Rwanda hayupo, Burundi hayupo. Wanakokutana hao wote ni COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na COMESA tulijitoa wenyewe mwaka 2000, kwa hiyo mlango ule tulishaufunga na ufunguo tukautupa. Zambia na Malawi wamo, tena wamo kwenye lile eneo huru la biashara lililoanza mwaka huo huo wa 2000, Kenya naye yumo. Sasa hebu fikiria tumeshatoka EAC. Semi trela limepakia mahindi Zambia, linaingia Tunduma, linapita Mbeya, Iringa, Dodoma, Arusha, linakula lami yetu na kupimwa kwenye mizani zetu, linatokea Namanga, likifika upande wa Kenya linaonesha cheti cha COMESA na ushuru ni sifuri. Nyuma yake kuna fuso la mkulima wa Sumbawanga, mahindi yale yale, pengine mbegu ile ile, analipa 50%. Tungekuwa tumegeuka barabara ya kupitisha mahindi ya mwenzetu kwenda kwenye soko letu. Hili jambo huwa nalirudia kila mahali mpaka rafiki zangu wamechoka, lakini sijapata mtu wa kunionesha nilipokosea. Atakayesema kuna eneo huru la biashara la Afrika nzima, ni kweli tumeridhia, ila kule ushuru unashuka pole pole kwa miaka, na mazao nyeti kama mahindi ndo kila nchi inayashikilia mpaka mwisho.

Mwaka juzi nilikuwa Holili, mpakani na Kenya, nasubiri usafiri, nikakaa na mama mmoja ana magunia 12 ya mchele wa Chekereni anapeleka Taveta. Mzigo wa kama milioni tatu. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 unaruhusiwa kutumia cheti rahisi cha uasili, ni karatasi moja, anaijaza pale pale, inagongwa muhuri, ushuru wa forodha hakuna. Msije mkadhani alikuwa anaisifia Jumuiya, alikuwa anailalamikia tena vibaya, foleni, vipimo, vijana wa kupakua wanaotaja bei kwa kuangalia sura yako, na dalali wa upande wa pili anataka gunia liwe lumbesa, lijazwe kupita kipimo, ndo anunue. Ila nikampigia hesabu kwenye simu, mama, nchi ikitoka leo Jumuiya mchele wako ukatozwa 75% ni milioni mbili na laki mbili na nusu juu ya hiyo mitatu. Akaniangalia akasema, "We kaka, hiyo si ni kuniambia nikae nyumbani?"

Ndo maana nasema huu mjadala unaendeshwa na watu wasiolipa gharama yake. Kampuni kubwa ikifungiwa Kenya ina mwanasheria, ina tawi Nairobi, inajipanga upya. Mwenye kitunguu cha Mang'ola au machungwa ya Muheza soko lake ni lile lori la Kenya linalokuja kupakia, hana lingine la kukimbilia, na kitunguu hakisubiri mazungumzo.

Halafu ile kauli kwamba Jumuiya ni shamba la Wakenya, wanauza sisi tunanunua. Ilikuwa na ukweli zamani, viwanda vyao vilituzidi, na ndo maana 2005 bidhaa zao ziliendelea kulipa ushuru unaopungua kwa miaka mitano kuja kwetu na Uganda wakati za kwetu zikienda kwao hazilipi, kitu ambacho wapinzani wa Jumuiya huwa hawakitaji. Lakini angalia 2021. Machi mahindi yamezuiwa, Mei Rais Samia akaenda Nairobi, vikwazo vikaanza kuondolewa, na kwa takwimu za Wakenya wenyewe walichonunua kutoka Tanzania kikakaribia kuwa mara mbili ya 2020, kikafika kama bilioni 54 za kwao, kikapita walichotuuzia. Nusu mwaka hivi wa mpaka kufanya kazi inavyotakiwa. Utaniambia hapo ni rais ndo kasaidia na sio Jumuiya, nakubali nusu. Taasisi za Jumuiya pale Arusha zilipaswa kulimaliza lile la mahindi bila kusubiri ndege ya rais, na hilo ni tatizo la kweli, pengine ndo tatizo kubwa kuliko yote. Ila rais alikuta mkataba upo na kiwango ni sifuri, kazi ikawa ni kuwaambia maofisa waufuate. Bila huo mazungumzo yangeanzia kwenye 50%.

Na tusijifanye malaika. Oktoba 2017 tulichoma vifaranga 6,400 vya Kenya pale Namanga, mwezi huo huo tukapiga mnada ng'ombe wao zaidi ya 1,300. Sheria ya magonjwa ya mifugo ipo, sawa, lakini ile picha ya vifaranga wakiteketea jirani hajaisahau. Na SADC tunakokimbilia nako ni hivi hivi, Aprili 2025 tulizuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi kwa sababu Afrika Kusini walikuwa hawapokei ndizi zetu na Malawi walikuwa wamezuia mchele, unga, tangawizi na vinginevyo. Sikumsikia mtu hata mmoja akisema tujitoe SADC. Nadhani ni kwa sababu Msauzi hatukutani naye Kariakoo, Mkenya tunakutana naye kila siku, na wa karibu ndo anaudhi.

Kuna mambo nipo pamoja na wenye msimamo mkali kabisa, ardhi yetu isiguswe, na shirikisho la kisiasa lisiharakishwe kwa sababu tu kuna mtu anataka kuandikwa kwenye historia. Hayo yote unayapigania ukiwa ndani, na tumeyapigania tukashinda. Hata ukitaka kutoka, ibara ya 145 ya mkataba inataka theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, halafu notisi ya miezi 12. Miezi 12 ya mnunuzi wa Nairobi kuanza kutafuta mahindi kwingine kabla hata hatujaondoka.

Mpaka wetu na Kenya ulishawahi kufungwa, 1977 hadi 1983. Yule mama wa Holili aliniambia marehemu mama yake alivuka miaka hiyo yote, usiku, njia za panya, debe moja moja kichwani, na debe moja katika kila matano lilikuwa la mwenye kuijua njia.