Uongo wa Kapteni Sisko ulifanya kazi, na hilo ndo tatizo

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua sheria moja, steringi hafi. Ila kuna ya pili ambayo hatukuwahi kuambiwa na tuliijua tu, kwamba steringi habadiliki. Anaanza mtu safi anamaliza mtu safi, akichafuka ni matope na damu ya maadui, akioga yameisha. Sasa wiki iliyopita nimerudia episodi moja ya Star Trek: Deep Space Nine inaitwa In the Pale Moonlight, sizoni ya sita, episodi ya 19, ilirushwa Aprili 1998, na kiukweli nimelala vibaya. Episodi ya zamani hivo, watu wana mpira wa kubandika usoni na meli za anga za plastiki, halafu inakukosesha usingizi we mtu mzima una kazi asubuhi.

Nitaimwaga stori yote hapa, kwa hiyo kama hujaitazama na unataka kuitazama acha kusoma, rudi baadae.

Kwa wasioijua, Benjamin Sisko (Avery Brooks, steringi wa kwanza mweusi kuongoza sirizi ya Star Trek) ni mkuu wa kituo kimoja huko angani. Ni mjane, ana mtoto wa kiume anamlea mwenyewe, baba yake ana mgahawa New Orleans. Mtu wa dini kwa namna yake, mtu wa neno lake. Na anafanyia kazi Starfleet, jeshi la ule Muungano wa sayari, ambao toka sirizi ya kwanza ya mwaka 1966 tumefundishwa ndo mfano wa binadamu waliostaarabika, hawana hela hawana rushwa hawana ubaguzi, wakikosea wanakaa kikao wanajirekebisha. Hiyo ndo imani yake, na hajaipata kwa kulazimishwa, ni kitu ambacho mke wake alifia na yeye akaendelea kukivalia sare.

Sasa kuna vita. Dominion wametoka upande wa pili wa galaksi, Wacardassia, taifa jingine la huko angani, wamejiunga nao, na Muungano unapigwa vibaya. Kila Ijumaa asubuhi Sisko anabandika ukutani orodha ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, na kila Ijumaa kuna mtu pale anakuta jina la ndugu au rafiki. Anasema ameanza kuichukia Ijumaa. Hiyo sini ni fupi sana, watu wamesimama wanasoma karatasi, hakuna muziki wa kukuambia ulie, lakini mi naona bila hiyo karatasi episodi nzima haisimami, maana kila uchafu unaokuja mbele ameufanya akiwa anaiona kichwani.

Na kinachomuuma zaidi ni Waromulani. Hawa ni taifa kubwa, wana meli kibao, na wamekaa pembeni kwa sababu wamesaini mkataba wa kutoshambuliana na Dominion. Meli za Dominion zinakatiza kwenye anga lao, zinapiga watu wa Sisko halafu zinarudi, Waromulani wanajifanya hawaoni. Kwa hiyo anaamua, hawa lazima waingie vitani upande wetu. Kuwaingiza inahitaji ushahidi kwamba Dominion wana mpango wa kuwageuka na wao, ushahidi huo hana, na wa kumtafutia yupo hapohapo kituoni, anaitwa Garak.

Daah, Garak. Garak ni fundi nguo. Ana duka lake, anakupima kiuno vizuri tu, anakupa na ushauri wa rangi, na kila mtu kituoni anajua huko nyuma alikuwa jasusi wa Wacardassia na ameua watu ambao hakuna atakayewahesabu. Sisko anamwomba ajaribu kupata ushahidi kwa watu wake wa zamani, Garak anamwambia mapema kabisa kwamba hii biashara itakuwa chafu, uko tayari? Anasema yuko tayari. Watu aliowasiliana nao wote wanauawa ndani ya siku moja. Na habari inaingia kwamba sayari ya Betazed imeanguka, imechukuliwa ndani ya masaa kumi tu. Hapo ndo Garak anasema kwa upole wake ule, basi kama ushahidi haupo, tuutengeneze.

Wengi wanaoijadili hii episodi wanarukia mwisho, na nitafika huko. Mi naomba tukae kwanza katikati, kwenye baa ya Quark, maana naona Sisko alivunjikia pale na siyo kwenye kifo cha mtu yeyote.

Iko hivi. Mtaalamu wa kughushi rekodi aliyepatikana ni jamaa mmoja anaitwa Tolar, ametolewa jela ya Waklingoni, taifa jingine la huko, akisubiri kuuawa, Sisko kamwombea msamaha kwa mkubwa wao. Amefika kituoni usiku wa kwanza tu kalewa, kaleta fujo, kamchoma Quark kisu. Quark ni mwenye baa, mfanyabiashara, mtu wa magendo, mtu ambaye Sisko amemsimanga miaka sita kwa ujanjaujanja wake. Sasa Tolar akishtakiwa kuna faili, kuna maswali, mchongo unavuja. Kwa hiyo kapteni mwenyewe anaenda pale Quark alipolala na kidonda chake kumwomba asifungue mashtaka. Quark siyo mjinga, anaona kabisa hapa kuna kitu, anaanza kutaja bei, nguo yangu imechanika, biashara imelala, halafu kuna mzigo wangu umezuiwa na usalama kwa ajili ya vibali. Sisko anakubali vyote. Na Quark anamshukuru! Anamshukuru kwa moyo mweupe kabisa kwa kumrudishia imani yake kwenye kanuni ya 98 ya kwao inayosema kila mtu ana bei yake.

Angalia uso wa Brooks hapo. Mtu umemdharau miaka sita leo anakupokea kama ndugu, karibu kwenye ukoo. Hajaua mtu bado, hajadanganya taifa lolote bado, ametoa tu kitu kidogo, yale tunayoyaita ya soda, na kwangu hapo ndo imani imeisha, yaliyobaki ni utekelezaji. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na tuseme aliyeiongoza hii episodi anaujua msemo wetu, maana Sisko anatusimulia haya yote akiwa peke yake chumbani, anairekodia kompyuta, anatuangalia sisi machoni, na kadri stori inavyozidi kuchafuka anaivua sare yake kidogokidogo, na glasi iko mkononi.

Baada ya hapo ni mteremko. Anatakiwa kutoa dawa fulani hatari sana ili apate kifaa halisi cha Wacardassia cha kuwekea hiyo rekodi feki, daktari wake anakataa mpaka apewe amri kwa maandishi, anapewa. Wakubwa wa Starfleet wameshabariki mpango. Kila hatua ina sababu, na ukiipima peke yake unaweza kuitetea. Rekodi inatengenezwa, viongozi wa adui wanaonekana wamekaa wanapanga kuivamia Romulus, sayari ya Waromulani, na seneta wa Kiromulani aitwaye Vreenak, ambaye ndo alijadili ule mkataba, anakuja kwa siri kuiona.

Anaiona. Anakaa nayo muda. Halafu anamgeukia Sisko na kumwambia ni feki. Hiyo sini watu wameifanyia vichekesho mitandaoni mpaka basi, namna jamaa alivyoivuta sauti, na mimi nilicheka miaka yote, ila safari hii sikucheka. Kapteni kauza kila kitu na mali yenyewe haijanunuliwa.

Siku mbili baadae habari zinakuja, chombo cha Vreenak kimelipuka njiani. Sisko anaelewa palepale, anashuka mpaka duka la nguo anampiga Garak ngumi. Na Garak akiwa anafuta damu anamweleza, bomu ni mimi, Tolar naye nimemmaliza, na sasa Waromulani watachambua mabaki, wataikuta hiyo rekodi, kasoro zake zote watasema ni mlipuko, wataamini seneta wao aliipata kwa Dominion akauawa akiwa anakimbia nayo nyumbani. Halafu anapiga hesabu yake maarufu, kwamba robo hii ya galaksi labda imeokolewa, na gharama yake ni seneta mmoja, mhalifu mmoja, na heshima ya ofisa mmoja wa Starfleet mbele ya nafsi yake. Bei ya bure kabisa.

Watu wanaipenda hiyo hotuba. Nimeona wanaiweka kwenye picha, wanaiandika kama vile ndo hekima ya episodi, uongozi ni maamuzi magumu bwana. Mi nakataa. Garak ni muuzaji, na muuzaji akikwambia bei ni rahisi unamwangalia mara mbili. Halafu hesabu yake haijakamilika, wale watu wake wa mwanzo waliouawa kwa kuongea naye hajawataja, Waromulani ambao sasa watoto wao wanaenda kufa vitani kwa ushahidi wa kughushi hajawataja, na wao si watakuwa na karatasi yao ya Ijumaa? Anachomwambia Sisko ni kile ambacho Sisko anataka kukisikia, na anamwambia hadi hilo usoni, kwamba ulikuja kwangu kwa sababu ulijua mimi naweza kufanya ambayo wewe huwezi. Hilo tu ndo nakubaliana naye.

Na kuna watakaosema ah, Sisko hakuwa malaika, mbona sizoni ya tano aliitia sumu anga ya sayari nzima kumkamata msaliti mmoja? Kweli, alifanya. Ila alifanya hadharani, kwa hasira, mbele ya wafanyakazi wake. Na miaka minne kabla ya hii episodi ni yeye huyuhuyu aliyelalamika kwamba wakubwa wa duniani hawaelewi hali ya huku mipakani, kwamba ni rahisi kuwa mtakatifu ukiwa unaishi peponi. Alikuwa anawasema wengine, kumbe alikuwa anajiandikia barua.

Sasa kwa nini sikulala. Mimi niliwahi kuwa stoo kipa, sehemu fulani ya ujenzi, kijana kabisa. Siku moja lori limeleta mifuko 40 ya simenti na hati inasema 50, dereva ana haraka, bosi ananipigia simu saini tu kumi zinakuja kesho. Nyumbani nimelelewa na mama ambaye ukirudisha chenji pungufu shilingi hamsini unarudi dukani usiku. Nikasaini. Nililala nikijua kesho nafukuzwa, nakamatwa, sijui nini, njia ya mwongo fupi. Kesho yake ikaja mifuko kumi, kamili, mikavu. Hakuna aliyeuliza kitu. Mara ya pili mkono haukutetemeka.

Ndo maana naona hii episodi ni ya kikatili kuliko zile ambazo steringi anakosea halafu anaadhibiwa. Adhabu ni faraja, inakuambia dunia ina mpangilio, ulichoamini bado kipo, wewe tu ulikipotea. Sisko hapewi hiyo faraja. Waromulani wanatangaza vita, wameshashambulia kambi 15 za adui mpakani, kituoni wanashangilia, huenda hapa ndo vita imegeuka. Uongo umefanya kazi, tena mzuri. Kama angeshindwa angebaki na imani yake na aibu, ameshinda na imani haina pa kukaa. Anasema mwenyewe, nimedanganya, nimehonga, nimeshiriki mauaji, na kibaya kuliko vyote nadhani naweza kuishi nayo. Halafu anarudia, naweza kuishi nayo. Anarudia tena, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Na anaiamuru kompyuta ifute rekodi yote.

Niliiacha iendelee yenyewe kwenye episodi ya 20, nikisubiri daktari aulizie ile dawa, au mtu yeyote aulizie chochote. Episodi ya 20 ni ya mapenzi, kuna mwimbaji wa klabu anamfundisha mkuu wa usalama namna ya kumtongoza Kira, msaidizi wa Sisko, wanacheza muziki, suti nzuri, taa nzuri. Nimekaa mpaka mwisho. Hakuna aliyeuliza.