Ukucha mmoja haubebi jina zima

Ukucha wa kisukuku, mwembamba, mrefu kama kidole cha mtu mzima, karibu umenyooka. Muuzaji anasema ni wa Struthiomimus, dinosaria wa Marekani Kaskazini aliyefanana na mbuni. Mtaalamu anaugeuzageuza, kisha anaandika: "Dinosaria wa kundi la mfano wa mbuni, jenasi haijulikani." Yaani kundi analitaja, ila jina mahususi kama Struthiomimus halitoi. Wengi huona mtaalamu huyo ni mwoga. Wanamwonea.

Wanaodai jina wana hoja. Ukucha wa mkono wa kundi hili hutambulika: upande wa chini, nundu inayoshikilia kano ya kukunjia kidole ni ndogo na imesogea mbele, mbali na kiungo. Dinosaria wengi wala nyama wana nundu nene nyuma kabisa, na ukucha uliopinda kama mundu. Tena yupo Deinocheirus wa Mongolia. Mikono yake ya mita 2.4 ilipatikana mwaka 1965, akapewa jina 1970 kutokana nayo, na mifupa ya mwili iliyotangazwa 2014 ikamthibitisha kuwa wa kundi hilihili.

Ila ile ilikuwa mikono mizima. Ukucha wa kidole gumba hupinda kuliko wa vidole vingine vya mkono huohuo, kwa hiyo usipojua ni wa kidole gani, unaweza kumgawa mnyama mmoja akawa wawili. Ncha ikivunjika, mpindo hupungua na ukucha huonekana umenyooka kuliko ulivyokuwa. Ganda gumu lililoufunika na kuurefusha huwa limeoza zamani. Ukiwa bapa kwa chini, na ukiukata kwa upana unaona pembetatu, huo ni wa mguu.

Sisi Watanzania tunaye Elaphrosaurus wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na kupewa jina 1920. Mwepesi, mwenye miguu mirefu; kichwa chake hakikupatikana. Kwa miaka mingi walikuwepo waliomweka kwenye kundi la mfano wa mbuni. Fikiria maana yake: kundi hilo lingekuwa limeshafika Afrika takriban miaka milioni 150 iliyopita, na ramani ya chimbuko lake na safari zake ingechorwa upya kwa sababu ya mnyama mmoja. Uchunguzi wa 2016 ulimweka mbali nao kabisa, karibu na Limusaurus wa China. Kama sehemu kubwa ya mwili ilipotosha kiasi hicho, ukucha je?

Kwa Mwanza, mwamba wenyewe unasaidia. Graniti kama ya Jiwe la Bismarck ilitokana na uji wa moto uliopoa zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, na visukuku vya Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Kenya, vina takriban miaka milioni 18. Dinosaria hao waliishi katikati ya nyakati hizo, hivyo ukucha unaodaiwa kuokotwa kwenye mwamba huo, au Rusinga, si wao. Mwalimu anayeweka nakala ya plasta darasani aandike kundi, mkono au mguu, nchi na tabaka la mwamba. Nafasi ya jenasi aiache wazi.